Oili ya Marehemu

Kabla hamjaanza kuniangalia hivyo, nasema mapema: hili halikutokea usiku wa manane. Lilitokea mchana kweupe, kwa jirani yangu ambaye gereji yake na nyumba yangu zinagawana ukuta mmoja. Siku lilipoanza nilikuwa naanika nguo, na yeye upande wa pili anagonga chuma na kukitukana, kama kawaida yake. Ilikuwa siku njema, jua la kiasi, hata mbwa hawakuwa na la kubwekea.

Jirani huyu watu humwita Nati. Ni mfupi, ni mgumu, na akishajikaza mahali hafunguki. Ni fundi wa magari, mwanamke pekee mwenye gereji mtaa mzima. Wateja wageni wakifika na kumuuliza fundi yuko wapi, huwajibu, "Anakutazama." Wengine huomba radhi. Wengine hucheka, na hao ndio hungoja gari lao mpaka jioni.

Gari la hadithi hii ni pikapu ya kabini mbili aliyoiacha marehemu baba yake. Rangi ilishachoka na milango ilikuwa ikilia, lakini injini, jamani, ilikuwa inakohoa mara moja tu na kuwaka. Na baina ya Nati na gari lile kulikuwa na jambo. Mdogo wake wa pekee aliolewa juu mlimani, na mimba yake ya kwanza ilipotea kwa kukosa gari. Mvua ilinyesha, magari ya kukodi yakakataa kupanda, na pikapu hiyo ilikuwa imelala juu ya mawe, haina foowili, ile nguvu ya magurudumu yote manne. Walimshusha dada wa watu kwa machela. Walipofika zahanati mtoto alikuwa ameshatulia tumboni. Nati ndiye aliyempokea mdogo wake getini, na tangu siku ile hakuna aliyemsikia akiongea juu ya jambo hilo. Alichofanya ni kuishusha pikapu kwenye mawe.

Sasa mdogo mtu alikuwa na mimba tena, na bado anakaa kulekule juu. Mumewe ni mwalimu, kazi yake iko mbali, hurudi wakati wa likizo. Nati alimpigia simu kila siku kumwambia ashuke akae kwake. "Wiki ijayo, dada," ndilo lilikuwa jibu. Mara kuku wanaatamia, mara mbuzi anakaribia kuzaa, mara paa linavuja.

"Mbuzi atazaa bila wewe!" Nati alifoka siku moja, nikamsikia ukutani. Halafu akakata simu na kusema peke yake, "Haya, kaa. Gari litapanda. Lipende lisipende."

Basi akalikalia gari lile kooni. Hakutaka urembo, alitaka gari la kupanda na kushuka. Springi za nyuma aliziongezea bapa moja ili zisilale mzigo ukizidi. Shokapu akaweka mpya, bushi zote akabadilisha, breki akazifungua mpaka mwisho na kuzifunga upya. Alipata matairi yenye meno makubwa, hayakuwa mapya lakini yalikuwa bado yanauma. Kiti cha nyuma alikitia godoro jipya, na jirani yetu fundi umeme, tunayemwita Waya, akaanza kumfungia taa za ukungu mbele. Kilichobaki ni kitu kimoja, na ndicho moyo wa kazi yote: ile giaboksi ndogo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Ya kwake ilikuwa imepasuka. Bila hiyo, pikapu ilikuwa gari la kwendea sokoni tu.

Akaenda kwa Skrepa. Huyu ndiye mwenye yadi ya vyuma chakavu, mtu mvivu wa kusimama lakini si mvivu wa kusema. Katika yadi yake kulikuwa na pikapu ndugu na ya Nati, toleo lilelile, nyekundu, pua imeingia ndani mpaka kwenye viti.

"Ilitumbukia korongoni, pale kwenye kona ya barabara ya mlimani," Skrepa alisema bila kuinuka kwenye kiti chake. "Mwenyewe alikuwa peke yake. Walimtoa na kiatu kimoja."

"Giaboksi ndogo je?"

"Haijaguswa. Kaitoe. Ila oili imwage hapohapo chini, usiondoke nayo."

"Kwa nini?"

Skrepa alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini watu huvaa nguo. "Gari la marehemu, oili yake haihamii gari jingine. Chuma kinapoa, dada. Oili ndiyo iliyokuwa inazunguka pamoja naye mpaka mwisho. Mwenye gari hushuka na oili yake. Usipoimwaga, atashukia wapi?"

"Na upepo wa kwenye matairi, nao una mwenyewe?" Nati akamuuliza, akaingia chini ya chuma kile chekundu huku Skrepa akiguna.

Sasa, hapa ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo fundi peke yake angelifanya. Alipofungua kizibo kupima oili, akachovya kidole, akakitoa kwenye mwanga. Oili ilikuwa safi, ya dhahabu, kama iliyotiwa jana. Oili nzuri kama ile haikuwa inapatikana kirahisi, na fundi wa kweli akiona oili nzuri inamwagwa huumia kama mtu anayeona maziwa yanamwagwa. Nati akarudisha kizibo. Chini palikuwa na doa la oili ya zamani la gari jingine, akalisugua kwa kiatu likaonekana jipya.

"Umemwaga?" Skrepa akauliza alipomwona anatoka na mzigo wake kwenye toroli.

"Nimemwaga."

Mtasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Semeni. Hata mimi nilimwambia. Lakini siku ile alikuwa na furaha ya fundi aliyepata spea, na furaha hiyo haina masikio.

Gereji kwake aliifungua giaboksi, akaikagua jino kwa jino. Ile springi ndogo na gololi yake, ambazo ndizo huzuia gia isiruke yenyewe, alizibadilisha ili asiwe na wasiwasi. Oili aliichuja kwa kitambaa cheupe. Hakukubaki hata chembe ya chuma kwenye kitambaa. Ulibaki unywele mmoja, mfupi, wenye mvi.

Nati aliutazama unywele ule. Giaboksi imefungwa kwa bolti pande zote, unywele umeingiaje? Aliupuliza ukaenda zake, akaendelea na kazi.

Siku ya kulijaribu gari, alimchukua Waya ili aangalie taa zake huko barabarani. Walizunguka uwanja wa nyuma ya maghala, penye mashimo na matope ya kutosha. Nati akasukuma mbele ile gia fupi iliyo kando ya gia kubwa, foowili ikaingia, na gari likapanda tuta kama halipandi kitu. Nati akapiga kelele ya furaha. Waya alikuwa kiti cha pembeni, mkono wake mmoja ameuegemeza juu ya ile gia fupi.

"Fundi," Waya akasema taratibu. "Toa mkono wako."

"Mkono upi?"

Waya akatazama usukani. Mikono ya Nati ilikuwa pale, yote miwili. Akatazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa peke yake juu ya gia, lakini vidole vyake vilikuwa vimebanwa, ngozi imeingia ndani na kuwa nyeupe, kama mtu anaposhikwa.

"Kuna mtu kaniwekea mkono juu ya mkono," akanong'ona.

Kisha akafungua mlango na kushuka gari likiwa bado linatembea. Waya ni mtu mnene na sijawahi kumwona akikimbia, ila siku ile wenye maghala walimwona. Hata bisibisi zake aliziacha. Nati akasimamisha gari, akaishika gia ile. Chuma cha gia hupata moto unaotokea chini, kwenye mashine. Ile ilikuwa baridi chini na ya moto juu, mahali pa kiganja.

Jioni alikuja kwangu akanisimulia, anacheka. Nikamwambia, "Jirani, kamwage hiyo oili."

"Nikipata nyingine nitaimwaga."

"Na usipoipata?"

"Basi atapanda bure," akasema. "Gari ni la baba yangu. Abiria hachagui njia."

Hakupata nyingine. Kabla haijapatikana, mvua ilianza, na asubuhi moja simu ikaita kutoka mlimani. Alikuwa mama mmoja anayekaa jirani na mdogo wake. Chupa ilikuwa imepasuka, mtoto anakuja kabla ya siku zake, na magari ya kukodi yalikuwa yamejibu vilevile kama mwaka ule.

Nilimwona Nati akitoka. Hakukimbia. Alitupa spana nyuma ya kiti, kamba, koleo, na turubai. Nilimwambia amchukue Waya, akasema Waya ana homa. "Homa gani?" "Homa ya kuniona mimi." Akawasha gari, likakohoa mara moja, likaenda.

Aliyoyaona huko alinisimulia mwenyewe, na mengine alinisimulia mdogo wake. Hawakupishana hata neno.

Kupanda kulikuwa rahisi mno. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani, taa za Waya zikaukata vizuri, na matope yalikuwa ya kufika nusu ya gurudumu. Nati alipofika mahali pa kutaka nguvu zaidi alinyoosha mkono kwenye gia fupi. Akakuta imeshaingia. Akafikiri ameiingiza bila kujijua. Mbele kidogo barabara ikawa nafuu, akataka kuitoa. Ilikuwa imeshatoka. Gari lilikuwa linajua njia. Hapo ndipo alipoanza kuimba kwa sauti kubwa, na Nati, niwaambieni, hajui kuimba.

Alimkuta mdogo wake amejiegemeza mlangoni, mikono kiunoni, jasho linamtoka. Akina mama wa jirani walimlaza kiti cha nyuma. Mmoja alitaka kufuatana nao, akafungua mlango wa mbele wa abiria. Akasimama. Akaufunga tena polepole.

"Kumbe mna mtu," akasema. "Basi nitakuja kwa miguu."

Nati hakuwa na nafasi ya kuuliza. Akageuza gari.

Barabara ile kushuka ni mbaya kuliko kupanda. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo. Dereva wa pale hategemei breki. Hutia gia nzito, injini ikalizuia gari, breki zikasaidia tu. Ukitegemea breki peke yake zinapata moto, zikipata moto zinalegea, na zikilegea hakuna wa kukusimulia. Nati akaweka gia nzito. Wakaanza kushuka taratibu, injini inanguruma, mdogo wake anauma shuka.

"Dada."

"Naam, mdogo wangu. Vumilia."

"Mwambie huyo afunge dirisha."

"Huyo nani?"

"Huyo wa mbele. Baridi inatoka kwake."

Nati hakugeuka. Aliangalia kwa pembe ya jicho tu. Dirisha lilikuwa limefungwa. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini sponji ya kiti ilikuwa imezama katikati, na haikuinuka gari liliporuka shimo.

"Lala, mdogo wangu. Hakuna mtu."

"Mbona anatikisa kichwa?"

Klak.

Ile gia fupi ilikuwa imerudi nyuma yenyewe, imekaa nyutro, mahali ambapo injini haishiki gurudumu lolote. Injini ikapiga kelele bila mzigo. Gari likawa jepesi. Kila dereva wa mlimani anaujua wepesi ule, na anauogopa kuliko mwizi. Nati akakanyaga breki, akaisukuma gia mbele. Ikaingia. Akaishikilia kwa nguvu zake zote.

Ndipo mkono ukaja juu ya mkono wake.

Ulikuwa mkavu. Ulikuwa mkubwa. Haukumvuta kwa ubabe. Ulimvuta kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi: si hivyo, njoo hivi. Nyuma. Nyuma kidogo. Nati alisukuma mbele. Mkono ukarudisha. Klak. Akasukuma. Klak. Harufu ya breki ikaingia ndani.

"Thubutu," Nati akasema kwa meno. "Thubutu tena."

Klak.

Kona ikatokea katika ukungu. Kona yenyewe. Pale ambapo ukingo wa barabara ulikuwa umemeguka, na hakuna aliyewahi kuujenga tena. Breki zilikuwa zimeanza kuzama. Nati akakata usukani kuelekea ukuta wa mlima. Ubavu wa pikapu ukasaga udongo, kioo cha pembeni kikang'oka, gurudumu likapanda jiwe. Gari likalia. Likasimama. Nyuma mdogo wake alikuwa analia kimyakimya, ameshika tumbo lake kwa mikono yote.

"Dada, usiniache hapa."

"Nani anakuacha? Niko chini ya gari. Ukinisikia natukana, ujue mambo yanakwenda."

Mwingine angembeba mdogo wake wakimbie. Mwingine angeanza kuomba radhi. Nati alishikwa na hasira. Aliniambia, jirani, sikuogopa kwanza, nilikasirika kwanza. Mtoto mmoja wa nyumba yetu mlima umeshachukua. Sasa huyu naye anataka kumtumia wa pili kama tiketi ya kurudia kwake! Akatupa mawe mbele ya magurudumu, akachukua spana, akalala kwenye matope. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Kizibo cha giaboksi kilikuwa kigumu. Alikuwa amekikaza mwenyewe, na yeye akikaza kitu anakikaza. Akavuta. Hakikutikisika. Matone ya mvua yalikuwa yanaanguka pembeni mwa gari, na katikati ya sauti ile akasikia mlango wa abiria ukifunguliwa.

Ukafungwa.

Akageuza kichwa. Miguu miwili ilikuwa imesimama kando ya gari. Mmoja una kiatu. Mmoja hauna. Ule usio na kiatu ulikuwa mweupe kama mguu uliokaa majini.

Miguu ikatembea. Polepole. Ikapita gurudumu la mbele. Ikazunguka pua ya gari. Matope hayakutoa sauti. Ikaja upande wake. Ikasimama karibu na bega lake.

Nati akavuta spana.

Magoti yakashuka. Yakagusa tope. Kisha mkono ukashuka, vidole vikajitandaza ardhini. Mtu anayetaka kuchungulia chini ya gari huanza hivyohivyo. Kilichobaki ni kichwa.

"Inama," Nati akasema. "Inama unione vizuri. Nilikuchukua bila ruhusa, kweli. Na sasa nakushusha bila ruhusa vilevile. Barabara ni ya wote. Gari ni la baba yangu. Na aliyemo tumboni humo ndani ni wetu. Humpati!"

Nywele zikaonekana. Fupi. Zenye mvi.

Kizibo kikaachia.

Oili ikamwagika. Haikuwa ya dhahabu tena. Ilikuwa nyeusi, ya baridi kama maji ya kisima kirefu, ikamlowesha mkono, shingo, kifua. Giaboksi ile ndogo haishiki hata ndoo. Lakini oili ilitoka, ikaendelea kutoka, ikapita barabarani kama inajua inakokwenda, ikafika ukingo uliomeguka, ikatelemka korongoni. Ilipokwisha, Nati akageuza kichwa. Hapakuwa na mtu. Matope yaliyokuwa kando yake yalikuwa laini, mvua inayapiga, hayana alama yoyote.

Sasa tatizo likawa jingine. Kuendesha giaboksi kavu ni kama kumkimbiza mtu asiye na pumzi. Meno yanasagana, yanapata moto, yanashikana, na gari linakwama palepale. Fundi hufukuza wanafunzi kwa kosa hilo. Nati alijua. Akarudisha kizibo, akatia gia nzito, akaondoa mawe. Liwalo na liwe.

Chuma kililia njia nzima. Moshi ulitoka chini ya kiti. Nati aliibana gia fupi kwa goti, mikono yote kwenye usukani, na mara hii haikuruka. Sponji ya kiti cha pembeni ilikuwa imeinuka.

"Usisukume bado!" alipiga kelele.

"Si mimi ninayeamua, dada!" mdogo wake akajibu kwa ukali, na Nati alisema hilo ndilo lililompa nguvu, maana mtu anayeweza kukugombeza hajafa.

Walifika. Nesi na mhudumu wakatoka mbio na kitanda cha magurudumu. Walipomwona Nati, mweusi kuanzia kichwani mpaka kiunoni, walitaka kumlaza yeye kwanza. Aliwafukuza. Akakaa chini kwenye sakafu ya baraza, mgongo ukutani, akasubiri sauti ambayo mara ya kwanza hawakuisikia. Ilipotoka, ilitoka kwa fujo. Mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye kifua. Alilia mpaka nesi akaanza kucheka. Nati naye akalia, pale sakafuni, mbele ya watu, hakujificha.

Hapo ningemalizia, na wote tungelala vizuri. Lakini fundi ni fundi. Pikapu ilipovutwa kwa kamba mpaka gereji, Nati aliishusha ile giaboksi na kuifungua. Waya alikuwepo, homa ilishaisha. Mimi pia nilikuwepo, nimesimama mlangoni na beseni langu.

Ndani kulikuwa kumeungua. Meno yamegeuka bluu, mengine yamekatika. Nati alisema haikupaswa kufika hata nusu ya njia. Ilipaswa kushikana karibu na kona ileile. Halafu akainama karibu zaidi. Ndani ya giaboksi kuna uma mdogo wa chuma, ndio unaosogeza gia mbele na nyuma. Pembeni mwake, kwenye ukuta wa ndani, na juu ya uma wenyewe, kulikuwa na alama. Chuma kilikuwa kimeungua chote isipokuwa pale. Vidole vinne na gumba. Mkono mkubwa, uliokunjwa, umeukamata uma ule kwa ndani, mahali ambapo mkono wa mtu hauwezi kuingia.

Waya alisogea, akatazama, akarudi nyuma.

"Alikuwa anavuta," akanong'ona, "au alikuwa anashikilia?"

Nati alikigeuza kile kipande cha giaboksi chenye uma, akakiangalia upande huu na upande ule. Vidole vilikuwa pande zote mbili za uma. Huwezi kujua. Mimi mpaka leo sijui, na sipendi kuwaza.

"Sikiliza," Nati akakiambia chuma, kama anaongea na mteja msumbufu. "Kama ulikuwa unanivuta, umeshindwa. Kama ulikuwa unanishikilia, ahsante. Vyovyote vile, kwenye gari langu hutarudi."

Alikiosha kwa petroli. Alikisugua kwa brashi ya waya, kwa msasa, kwa kila kitu. Alama haikutoka. Nilidhani angekivunja kwa nyundo, kumbe alikiweka kwenye rafu, juu, wazi, kila mteja akione. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hafichi kitu alichokishinda. Pikapu ilipata giaboksi nyingine, na inapanda mlimani kila mvua inaponyesha, inashusha wajawazito wa kule juu. Watu wakimwambia aache, huwauliza nani mwingine atapanda.

Juzi nilikwenda kuomba koleo lake. Nati alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana, na mtoto wa mdogo wake amelala kwenye boksi la vipuri karibu naye. Nikainua macho kwenye rafu. Nilitazama muda mrefu kabla sijamwita.

Alitoka akifuta mikono. Akakishusha chuma kile, akakipeleka penye mwanga. Uma ulikuwa palepale. Vumbi lilikuwa palepale, halijaguswa. Ule mkono uliobaki ndani ya chuma kilichoungua, ambao sote watatu tuliuona umekunjwa, ulikuwa umefunguka, vidole vyote vimenyooka.

Nati alikigeuza mara moja. Kisha akakirudisha juu, akamtazama mtoto kwenye boksi, akachukua spana yake.

"Ameachia," alisema. "Mimi sijaachia."

Akarudi chini ya gari.